Unapelekwa thieta? Mwongozo wa nusu kaputi na ganzi ya mgongo, hatua kwa hatua

Wagonjwa wengi ninaokutana nao wakiambiwa kuna operesheni hawaogopi kisu, wanaogopa usingizi. Swali ni lile lile, "nisipoamka je?" Mimi kazi yangu ni huko huko, nakaa upande wa kichwa cha mgonjwa tangu anaingia thieta mpaka anatoka, na jambo ambalo natamani kila mtu alijue kabla hajafika kwetu ni hili: mtu wa usingizi anaweza kujipanga na chochote ulichomwambia, moyo mbovu, pumu, umekula saa mbili zilizopita, umekunywa dawa ya mganga, vyote vina njia yake, ila akishakupa dawa ndo akutane na kitu ulichoficha, hapo muda wa kujipanga haupo. Kwahiyo huu mwongozo nimeuandika kwa kufuata safari yenyewe ya mgonjwa, na kila nikifika mahali unapoulizwa kitu ntakuambia kwanini unaulizwa.

Unapewa nini hasa

Makundi makubwa ni mawili. Nusu kaputi ni ya mwili mzima, dawa inazima ubongo kwa muda, husikii wala hukumbuki, na mara nyingi hata pumzi unapumuliwa na mashine. Ganzi inazima mishipa ya fahamu ya sehemu moja tu, unabaki macho, unaongea, lakini sehemu ile haiumi. Ndani ya ganzi kuna ya mgongo ambayo inafisha kuanzia tumbo kushuka chini, kuna ya mkono mzima inayochomwa kwapani au karibu na shingo, kuna ya jicho kwa wanaotolewa mtoto wa jicho, na ile ndogo ya kung'oa jino au kushona kidonda.

Hizi dawa sio za jana. Etha, dawa ya usingizi ya kuvuta mvuke, ilionyeshwa hadharani Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton ambaye alikuwa daktari wa meno alimvutisha mgonjwa mvuke wake na daktari mpasuaji akatoa uvimbe shingoni. Kabla ya hapo mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu na daktari mzuri alikuwa yule mwenye mkono wa haraka. Ganzi ya mgongo nayo daktari mpasuaji August Bier aliifanya Ujerumani 1898. Nayataja haya kwasababu bado kuna watu wanadhani sindano ya mgongo ni kitu cha majaribio walicholetewa wao.

Hatua ya 1: mwambie mtu wa usingizi kila kitu

Kama operesheni sio ya dharura utaonwa siku moja au siku kadhaa kabla. Anayekuja anaweza kuwa daktari bingwa wa usingizi, na hospitali nyingi za wilaya Tanzania na Kenya anakuwa nesi au tabibu aliyesomea usingizi, usimdharau, hawa ndo wanaobeba operesheni nyingi za kina mama kujifungua. Atakuambia ufungue mdomo utoe ulimi, ugeuze shingo, atakuuliza kama kuna jino linalocheza au meno ya bandia. Anaangalia njia ya hewa, yaani ukishalala itakuwa rahisi au ngumu kukuwekea bomba la hewa. Mtu mwenye mdomo usiofunguka vizuri, shingo fupi nene au uvimbe shingoni anahitaji maandalizi tofauti, na ni bora hayo yajulikane jana yake kuliko dakika ile.

Halafu yanakuja maswali. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na hapa ndo pana maana kuliko popote.

Sema magonjwa uliyonayo: presha, sukari, moyo, pumu, kifafa, figo, ini. Siko seli usiiache kabisa, hata kama mtoto hajaumwa muda mrefu, manake mgonjwa wa siko seli akipata baridi, akikaukiwa maji au akikosa oksijeni ya kutosha ndani ya thieta anaweza kuingia kwenye maumivu makali hapo hapo, wakijua wanamfunika, wanampa maji ya dripu mapema na wanamlinda na oksijeni.

Sema dawa unazotumia, na ukiweza beba na vikopo vyenyewe usitegemee kukumbuka majina. Dawa nyingi za presha unaendelea nazo, ila zipo zinazosimamishwa siku ya operesheni, kwahiyo uliza ya kwako kwa jina. Za kifafa unaendelea. ARV unaendelea, na usiogope kuzitaja. Vidonge vya sukari asubuhi ya operesheni kwa kawaida humezi manake hujala na sukari itashuka, insulini ndo uelekezwe mapema kipimo chake, usijiamulie. Dawa za kufanya damu iwe nyepesi ni muhimu mno kwa wanaotarajia sindano ya mgongo, warfarini kwa kawaida inasimamishwa siku 5 kabla, nyingine zina siku zake, na daktari ndo anakupangia usije ukaacha mwenyewe ukapata kiharusi nyumbani. Sababu ni kwamba damu ikivujia karibu na mishipa ya fahamu ya mgongo inaweza kuikandamiza mpaka miguu ikapooza. Kama ulitumia prednisoloni kwa muda mrefu sema pia, hiyo haikatwi ghafla.

Dawa za kienyeji ndo watu wanaficha sana. Mgonjwa anakuwa na chupa ya mitishamba chini ya kitanda, nesi akiuliza anasema situmii kitu. Sikulaumu kwa kuitumia, shida ni kwamba hatujui ndani kuna nini, nyingine zinashusha sukari, nyingine zinafanya damu isigande. Sema tu jina lake au kazi yake na mara ya mwisho ulikunywa lini. Hivyo hivyo pombe, sigara, bangi na mirungi. Mlevi wa kila siku anaweza kuhitaji dozi tofauti na akikatiziwa pombe ghafla wodini anaweza kuweweseka na kutetemeka, mirungi inapandisha mapigo na presha, bangi inaweza kufanya dawa ya kawaida isitoshe. Hakuna atakayekuitia polisi. Sigara ukiacha wiki kadhaa kabla mapafu yanakushukuru, lakini hata ukiacha siku moja tu kabla oksijeni kwenye damu inabebwa vizuri zaidi.

Swali la mwisho ni kama wewe au ndugu wa damu mlishawahi kupata shida na usingizi. Watu wanadhani ni swali la kujaza fomu. Kuna familia ambazo dawa fulani ya kulegeza misuli inayotakiwa iishe dakika chache inakaa masaa, na kuna chache ambazo gesi za usingizi zinapandisha joto la mwili ghafla kiasi cha kuua, vyote ni vya kurithi. Kwahiyo kama mjomba alifia thieta uliza nyumbani ilikuwaje, alafu uje useme.

Mtoto mwenye mafua, kikohozi cha makohozi au homa, mama usimpake Vicks ukamleta kimya kimya. Koo la mtoto mwenye mafua linabana kirahisi sana wakati wa kulazwa na wakati wa kuamshwa. Operesheni isiyo ya haraka kama ngiri inaweza kusubiri wiki chache na hakuna ubaya wowote.

Hatua ya 2: kufunga kula, na hapa naomba usome pole pole

Ukiwa macho, kitu kikirudi kutoka tumboni unakohoa, unameza au unatema. Dawa ya usingizi inazima hiyo kinga. Chakula kikipanda kinaingia kwenye mapafu, kikiwa kigumu kinaziba, kikiwa majimaji asidi yake inaunguza mapafu kwa ndani, na mtu aliyekuja na tatizo dogo anaishia ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Ndo mana tunauliza umekula saa ngapi mara tatu, nesi wa wodi, nesi wa mlangoni, na mimi.

Masaa yenyewe yako hivi. Maji matupu, chai ya rangi isiyo na maziwa, juisi inayopitisha mwanga isiyo na nyamanyama, unaweza kunywa mpaka masaa 2 kabla. Maziwa ya mama kwa mtoto mchanga, masaa 4. Maziwa ya kopo, ya ng'ombe na mlo mwepesi kama mkate mkavu, masaa 6. Chakula cha mafuta na nyama, chipsi, pilau, maandazi, chapati, hesabu masaa 8. Hospitali yako ikikupa masaa yake fuata hayo.

Sasa shida inakuja kwenye kile ambacho mtu hakihesabu kama chakula. Mazungumzo yako hivi karibu kila siku:

"Mama, umekula nini mara ya mwisho?"

"Sijala kitu daktari, tangu jana."

"Na kunywa?"

"Nimekunywa uji kidogo tu saa 12, ili nimeze dawa."

Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Supu ni chakula, mtori ni chakula, maziwa mgando ni chakula. Kikombe nusu cha uji kinahesabiwa masaa 6 kama kikombe kizima. Kidonge ulichoambiwa umeze unameza na maji mafunda mawili matatu basi. Bigijii na pipi asubuhi hiyo acha. Na kwa waliofunga Ramadhani, daku la wali saa 10 alfajiri na operesheni saa 3 asubuhi hapo ni masaa 5 tu, bado, kwahiyo daku lile lisogezwe mapema au operesheni isogezwe mbele, mwambie nesi mapema mpange.

Upande wa pili kuna kufunga kupita kiasi, hili nalo linaniuma. Mgonjwa anaambiwa usile wala usinywe kuanzia saa 4 usiku, anaingia thieta saa 9 mchana, masaa 17 bila tone la maji, mdomo umekauka, presha iko chini na mtoto analia mpaka sauti imekata. Ukiona unasogezwa mbele uliza waziwazi, "naruhusiwa kunywa maji mpaka saa ngapi?" Ni haki yako kuuliza na kwa mtoto ni muhimu zaidi.

Ukiwa umekula kwa kusahau, sema. Operesheni inayoweza kusubiri itasogezwa. Ya dharura haitafutwa kwasababu umekula, ila tunabadilisha namna ya kukulaza, tunachagua ganzi ikiwezekana, au tunaweka bomba la hewa haraka kwa mtindo maalum wenye mashine ya kufyonza ikiwa mkononi. Mama mwenye uchungu na mtu aliyepata ajali tumbo lao linasaga pole pole sana, kwahiyo hao tunawachukulia wana chakula tumboni hata wakisema wamekula jana.

Hatua ya 3: asubuhi ya operesheni

Oga. Vua kila kitu cha chuma, pete, hereni, bangili, kipini cha pua, pete isiyotoka ipakwe sabuni mapema usisubiri mlangoni. Shanga za kiunoni zivuliwe nyumbani kwa utulivu wako, manake zikikutwa pale kitandani zitakatwa na mkasi. Kama una hirizi waambie, tafuteni pa kuiweka. Meno ya bandia toa, lenzi za macho toa, wigi na vibanio vya chuma kichwani toa.

Kucha ndo watu hubisha. Kile kidude kinachobanwa kidoleni kinaitwa oksimita, kinapitisha mwanga kwenye kidole na kusoma oksijeni kwenye damu, mtu mzima mwenye afya anasoma 95 kwenda juu, ikishuka chini ya 90 tunahangaika. Rangi ya kucha, kucha za kubandika na piko nyeusi vinaweza kuzuia ule mwanga. Kwahiyo bibi harusi mwenye piko mpaka ncha za vidole atuambie, tutatafuta kidole cha mguu au ndewe ya sikio. Na kupaka poda na lipstiki siku hiyo hapana, rangi ya midomo yako nayo tunaisoma.

Utasaini fomu ya ridhaa. Usisaini kama hujaelewa. Uliza ni usingizi gani, kwanini huo, nani atakaa na mimi, kuna oksijeni na oksimita? Mhudumu mzuri hakasiriki akiulizwa haya.

Hatua ya 4: mlangoni na kitandani

Utaulizwa jina lako, operesheni gani, upande gani, tena na tena mpaka utachoka. Sio kwamba hawajui. Ni orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka 2008, inasomwa mara tatu, kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla hujatoka thieta. Jibu kwa sauti. Kama ni mguu wa kulia na umesikia mtu anataja kushoto piga kelele.

Ndani kuna baridi na taa kali, omba shuka. Utawekewa kanula mkononi, yaani kibomba kidogo cha kupitishia dawa kwenye mshipa, mkanda wa presha, waya za moyo kifuani na oksimita kidoleni.

Kama ni nusu kaputi

Utawekewa maski usoni, ni oksijeni tu, vuta pumzi ndefu ndefu kwa dakika kama tatu hivi. Wengi wanaisukuma maski wakidhani wanazibwa pumzi, kumbe ile ndo akiba inayokulinda zile sekunde utakapoacha kupumua mwenyewe kabla mashine haijachukua. Kisha dawa zinapita kwenye kanula, ya maumivu kwanza, halafu ya usingizi. Propofoli, moja ya hizo za usingizi, ni nyeupe kama maziwa na inachoma kidogo mkononi inapopita, usishtuke. Hutaweza kuhesabu mpaka mbali.

Ukishalala wanakupa dawa ya kulegeza misuli kama inahitajika, wanaweka bomba la hewa kupitia mdomoni, mashine inapumua na gesi inaendelea kukushikilia usingizini. Mtu wa usingizi haondoki. Anaangalia mapigo, presha, oksijeni, hewa unayotoa, damu inayomwagika, anaongeza na kupunguza dawa muda wote. Mwisho anafunga gesi, anarudisha nguvu ya misuli, anasubiri upumue mwenyewe na ufungue macho ndo atoe bomba. Koo kuwasha siku moja mbili baadaye ni kwa ajili ya hilo bomba.

Ketamini, dawa nyingine ya usingizi, ina tabia yake. Ilitengenezwa 1962 na ikaanza kuruhusiwa Marekani 1970, na kwa hospitali zetu imeokoa watu wengi mno kwasababu kwa kawaida mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe na presha haiporomoki, hata umeme ukikatika. Ila mtu akiamka anaweza kuona maruweruwe, kuimba, kulia, kuongea mambo ya ajabu. Ndugu msianze kumwombea mapepo na msimshike kwa nguvu. Chumba kiwe kimya, ongeeni naye kwa upole, inapita.

Kuhusu kushtuka katikati ya operesheni: inatokea, ni mara chache. Utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotoka 2014 ulikuta taarifa ya mtu 1 kati ya takriban 19,000 waliopewa nusu kaputi, na kwa kina mama waliojifungua kwa upasuaji chini ya nusu kaputi ilikuwa karibu 1 kati ya 670, manake hao wanapewa dozi kwa uangalifu kwa ajili ya mtoto na mara nyingi ni dharura. Kama ulikumbuka kitu usikae nacho moyoni, rudi ueleze.

Kama ni sindano ya mgongo

Utakaa pembeni ya kitanda au utalazwa ubavu. Kidevu kifuani, mabega yalegee, kumbatia mto, sukuma kiuno nyuma. Mgongo ukijikunja hivyo pingili zinaachana na sindano inapata njia, ukijinyoosha kwa hofu pingili zinafunga mlango na utachomwa mara nyingi zaidi. Mkao mzuri ndo nusu ya kazi na ni wewe pekee unayeweza kuufanya. Mgongo unapakwa dawa ya baridi, unachomwa sindano ndogo ya ganzi ya ngozi, kisha ile yenyewe ambayo ni nyembamba sana. Usiruke, sema tu "nasikia". Ukisikia kama shoti inakimbia mguu mmoja taja ni mguu upi, sindano itarudishwa.

Hofu kubwa ni kupooza. Uti wa fahamu kwa mtu mzima unaishia karibu pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, sisi tunachoma chini ya hapo, palipo na maji na nyuzi za mishipa zinazoelea. Kupooza kwa kudumu kunaweza kutokea lakini ni nadra sana, na ndo mana tunauliza kuhusu damu nyepesi na tunakataa kuchoma penye kidonda au usaha. Mwenye damu isiyoganda, aliyepoteza damu nyingi presha imeshuka, mwenye magonjwa fulani ya moyo, na asiyetaka mwenyewe, hao hawachomwi.

Dawa ni mililita 2 mpaka 3 tu. Ndani ya dakika chache miguu inakuwa ya moto, kisha mizito, halafu haiinuki. Tutakupima kwa kitu cha baridi au kukufinya kabla ya kisu, jibu ukweli. Kuguswa na kuvutwavutwa utasikia, hasa mtoto anapotolewa utahisi kama mtu amekukalia kifuani. Maumivu makali ndo hayatakiwi, ukiyasikia sema, usivumilie kwa kuona haya, utaongezewa dawa au utabadilishiwa usingizi.

Kinachotokea mara nyingi ni presha kushuka. Dalili zake ni kichefuchefu cha ghafla, masikio kuvuma, macho kuona giza. Sema hapo hapo "nasikia vibaya", kuna dawa inapita kwenye kanula na ndani ya dakika moja mbili unarudi sawa. Mama mjamzito anainamishwa kidogo upande wa kushoto ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa wa damu. Kutetemeka nako ni kawaida.

Kwa kujifungua mimi ntakushauri ganzi ya mgongo kila inapowezekana, kwasababu njia ya hewa ya mjamzito huvimba na tumbo lake huwa na chakula, mtoto anapata dawa kidogo sana, na unamsikia mwanao akilia. Maumivu ya mgongo ya miaka na miaka ambayo kila mtu mtaani anayatwika sindano, waliojifungua bila sindano yoyote nao wanayo, ujauzito wenyewe, kubeba, kunyonyesha umejikunja. Pale ulipochomwa patauma siku chache basi.

Ganzi za mkono, jicho na kidonda ntapita haraka, ila ujue hili moja: dawa ya ganzi ikizidi au ikiingia kwenye damu unasikia ladha ya chuma mdomoni, midomo kufa ganzi, masikio kuvuma, kisha kizunguzungu. Hata kama uko kwenye kliniki ndogo unashonwa kidole, sema mara moja waache kuchoma, ikiendelea inafika kwenye degedege na moyo.

Hatua ya 5: umeshatoka

Utakaa chumba cha kuamkia kwanza. Mgonjwa wa nusu kaputi anayesinzia alazwe ubavu, ndugu usimlaze chali ukaondoka, na ukisikia anakoroma kwa shida au midomo inabadilika rangi ita nesi kwa kelele. Mzee anaweza kuchanganyikiwa, kuuliza yuko wapi, mrudishie miwani yake na kifaa chake cha kusikia, mwambie ni siku gani. Supu ya kuku ulioibeba isubiri, wafanyakazi watasema lini aanze maji na lini aanze kula. Maumivu yasemwe mapema yakiwa madogo, yakishapanda yanahitaji dawa nyingi kuyashusha. Mama anaweza kunyonyesha mara anapokuwa macho vizuri na ana nguvu ya kumshika mtoto, hahitaji kukamua na kumwaga.

Aliyechomwa mgongoni asisimame mpaka miguu irudi nguvu yote, na mara ya kwanza ashikwe. Lile agizo la kulala chali bila mto masaa 24 ili kichwa kisiume, tafiti hazijaonyesha kwamba linazuia. Kinachosaidia zaidi ni sindano nyembamba yenye ncha maalum. Kichwa chenyewe utakijua: kinaanza siku ya kwanza hadi ya tatu, ukikaa au kusimama kinapasuka, ukilala kinatulia. Rudi hospitali. Kuna maji, dawa za maumivu, kahawa husaidia baadhi ya watu, na kikigoma kuna tiba ya kuchukua damu yako kidogo na kuichoma mgongoni kuziba tundu.

Ukiruhusiwa siku hiyo hiyo uende na mtu mzima. Masaa 24 ya kwanza usiendeshe gari wala bodaboda, usinywe pombe, usipike peke yako na usisaini mkataba wala kuuza kiwanja.

Rudi haraka ukiona haya: pumzi inabana, miguu haijarudi masaa 6 baada ya sindano ya mgongo au ilirudi ikafa tena, mkojo hautoki, mgongo unauma sana na homa, shingo imekakamaa, kuchanganyikiwa, mguu mmoja umevimba na kuuma nyuma ya goti.

Na kabla hujaondoka wodini omba uandikiwe kwenye karatasi yako ulipewa usingizi gani na kama kulikuwa na shida yoyote, bomba gumu kuingia, dawa iliyokuletea aleji, presha iliyogoma. Ipige picha uweke kwenye simu, na mpe ndugu mmoja nakala, siku ukija na dharura hujitambui yeye ndo atakayenijibu maswali yangu.